Kwa nini programu yako ya C inampa kila mtu A

Pole ndugu. Kama nimekuelewa, hata ukiingiza alama 20 programu inachapisha A, wala kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako kwa ajili ya kompyuta) hailalamiki. Kosa liko hapa, unapotaka A iwe ya 75 hadi 100:

if (75 <= alama <= 100)

Kwenye hesabu za darasani uko sawa kabisa, ila C haisomi hivyo. Inapima kwanza 75 <= alama, inapata 0 au 1, kisha inauliza kama hiyo 0 au 1 haizidi 100. Haizidi kamwe, kwa hiyo wote wanapata A. Andika:

if (alama >= 75 && alama <= 100)

Madaraja mengine yafuate kwa else if, ukishuka kutoka juu. Ukitanguliza alama >= 30, yaani sharti la D, mwenye 90 ataambulia D.

Kuanzia leo ukitumia kompaila ya gcc, ongeza -Wall, yaani swichi ya kuwasha maonyo. Itakuonya kwa mstari kama huo, na pia ndani ya if ukiweka = (kupa thamani) mahali pa == (kulinganisha). Halafu hakikisha scanf, inayosoma alama iliyoingizwa, imerudisha 1 (yaani imesoma namba moja) kabla hujaigusa alama. Mtu akiandika herufi, if zako zote zitapima takataka.

Ikigoma bado, nitumie msimbo wote kama maandishi, tafadhali si picha ya skrini.