Maswali Yenu: Maboksi ya CD

Boksi la albamu tano linauzwa karibu sawa na albamu moja. Kuna hila gani?

Mara nyingi hakuna. Gharama za kurekodi zilishalipwa zamani. Kampuni inachapa tu CD na kuzitia kwenye kava za karatasi ngumu. Utakachokosa ni kijitabu: mashairi, picha, nani alipiga nini. Gawa bei kwa idadi ya albamu usizokuwa nazo. Ukiwa nazo tatu tayari, hilo ni boksi la albamu mbili.

Nimeona CD nne zenye albamu nane za jazi za miaka ya 1950, bei ya kutupa. Ni halali?

Kwa Umoja wa Ulaya, ndiyo. Haki za rekodi huko zilidumu miaka 50. Zilipoongezwa hadi 70 mwaka 2013, zilizokwisha muda hazikufufuliwa. Hivyo rekodi iliyotoka kabla ya 1963 yeyote huichapa, mradi mtunzi wa wimbo alipwe haki yake. Marekani sheria ni nyingine.

Tatizo ni sauti. Wachapaji hawa kwa kawaida hawana tepu mama, yaani tepu ya asili ya rekodi, basi hunakili kutoka santuri au CD ya mwenzao. Programu ya kuondoa mikwaruzo ikikazwa mno, inafuta na mlio wa matoazi. Jumlisha pia muda: CD hubeba dakika 80 hivi. Albamu mbili zikizidi hapo, kuna wimbo umeachwa nje.

Toleo lililosafishwa sauti upya ni bora kuliko la kwanza?

Si lazima. Tangu katikati ya miaka ya 1990 mengi yamebanwa sauti ili yasikike kwa nguvu zaidi, na ngoma zikapoteza kishindo. CD ya mtumba ya miaka ya 1980 huweza kulishinda, isipokuwa kama ilitolewa kwenye nakala ya nakala ya tepu.

Nikague nini kwenye CD ya mtumba?

Upande wa lebo kwanza. Aluminiamu iko papo hapo chini ya vanishi nyembamba, ilhali upande wa pili una kinga ya plastiki ya zaidi ya milimita moja. Zilizochapwa na kiwanda cha CD cha PDO, Uingereza, kati ya 1988 na 1993, zikiwa zimegeuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni, ziache. Sponji ndani ya boksi la zamani itupe. Huoza na kuganda kwenye CD.

Kava za karatasi hukwaruza?

Ndiyo. Vika kila CD mfuko laini wa plastiki, na uinakili kwenye kompyuta kwa FLAC, faili la sauti lisilopunguza ubora, siku unayoinunua.