Vipassana kwenye ploti yenye kelele: kwa wanaoanza

Wengi wanaoniuliza kuhusu vipassana, zoezi la Kibudha la kukaa na kutazama mwili na akili jinsi vilivyo, huanza na swali moja: nitapata wapi mahali patulivu Nairobi hii? Wanaishi Pipeline, Umoja, Roysambu. Jirani ana redio, chini ya ghorofa kuna fundi wa kuchomelea vyuma, na Jumapili spika za kanisa huanza kuunguruma kabla hujanawa uso. Jibu langu huwaudhi kidogo. Usihangaike kutafuta. Kaa hapo hapo ulipo.

Utulivu ni mzuri ukiupata, sikatai, lakini zoezi hili halikudai uzime masikio wala uondoe mawazo kichwani. Mahasi Sayadaw, mtawa wa Burma aliyefariki mwaka 1982, aliwafundisha watu kufuatilia tumbo linavyopanda na kushuka wakati wa kupumua. Kitu kingine kikijitokeza kwa nguvu kuliko tumbo, unakitaja kimoyomoyo, unakitazama, kisha unarudi tumboni. Fundi akiwasha mashine, sema "kusikia, kusikia". Usiseme "huyu fundi hana adabu, na mwenye ploti anamtazama tu". Hayo ni mawazo, na yakishaingia nayo yanatajwa: "kuwaza, kuwaza". Ukichunguza zaidi utakuta kifua kimebana na taya zimekazana. Sauti ni kitu kimoja, malalamiko ni kingine, taya ni kitu cha tatu. Kwa kawaida vyote vitatu hutujia vimefungwa pamoja, tukaviita "kelele". Kuvifungua kimoja kimoja ndiyo kazi yenyewe, na fundi amekuletea vifaa bure.

Kuhusu kukaa sina mengi. Kiti cha plastiki kinatosha. Mgongo wima bila kukakamaa, miguu chini, simu chumba kingine au imezimwa. Dakika kumi au kumi na tano kila siku zina faida kuliko saa nzima Jumamosi tu. Saa kumi na moja alfajiri inafaa wengi, kabla mji haujaanza kukudai. Ukingoja jioni baada ya foleni ya Thika Road utasinzia, na usingizi umo katika vizuizi vitano vilivyotajwa tangu zamani: tamaa, chuki, uzito wa usingizi, mahangaiko na shaka. Ukikujia, fumbua macho, au simama utembee. Kutembea ni zoezi kamili, si mapumziko. Hata kwenye bedsita utapata hatua chache za kwenda na kurudi: inua mguu, upeleke, uweke. Ukitaka nafasi zaidi nenda Karura au Arboretum siku ya kazi, watu wakiwa wachache.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanaoanza hulipita mbio. Mafundisho ya Satipatthana, hotuba ya Buddha kuhusu kuwa makini, yanataja sehemu nne za kuangalia: mwili, hisia, hali ya akili, na mambo yanayoipitia akili hiyo. Ya pili, kwa Kipali (lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha) vedana, ndiyo ningekuomba ukae nayo sana. Hapa hisia maana yake si hasira wala huzuni. Ni ile ladha ya kwanza kabisa ya kila tukio: tamu, chungu, au si tamu si chungu. Mvua inaanza kunyesha, umesimama stejini, makanga anatangaza nauli mpya. Kabla hujasema neno, kuna uchungu mdogo mwilini. Uchungu huo ukipita bila kuonekana, unazaa "sitaki", "sitaki" inazaa maneno, na maneno yanakushusha kwenye matatu kabla hujafika. Buddha alieleza mfuatano huo hatua kwa hatua: mguso, hisia, tamaa, kung'ang'ania. Hisia huwezi kuizuia. Lakini baada ya hisia na kabla ya tamaa pana upenyo, na anayeuona anaweza kuchagua. Nauli atalipa vilevile, kwa kuwa mvua ya Nairobi haina huruma, ila hatabeba ugomvi mpaka ofisini.

Jizoeze na vitu vidogo: mwasho wa pua, ujumbe wa M-Pesa unaolia kabla hujausoma, goti linalouma. Kuhusu goti, usijifanye shujaa. Litazame kidogo, maumivu yakiwa makali, badilisha mkao huku ukijua kwamba unabadilisha.

Kuna wanaotaka kuanza moja kwa moja na kozi ya siku kumi ya mtindo wa S. N. Goenka, mzaliwa wa Mandalay, Burma, aliyefundishwa na mwalimu wa huko, U Ba Khin, na kuanza kufundisha India mwaka 1969. Kuamka ni saa kumi alfajiri, kukaa ni kama saa kumi kwa siku, hakuna kuongea, simu wala kitabu, na siku tatu za mwanzo ni pumzi tu. Hulipishwi, gharama hutoka kwa michango ya waliotangulia. Kozi hizo hupokea wageni kabisa, lakini kwa maoni yangu zoea kwanza kukaa nyumbani. Kama umewahi kuugua akili au una kidonda cha moyo cha zamani kisichopona, ongea na daktari kabla, na ukiulizwa kuhusu afya jaza ukweli. Kimya kirefu huibua mambo.

Halafu kuna mama. Atasikia umeanza "mambo ya Wabudha" na ataita maombi. Usimdanganye kwamba haya hayatoki kwa Buddha, yanatoka huko. Mwambie unachofanya: nakaa, naangalia pumzi. Wapo wanaoyafanya bila kubadili dini, na wapo Waafrika walioingia moja kwa moja, kama Bhante Buddharakkhita wa Uganda, aliyeanzisha kituo nchini mwake mwaka 2005. Ila usihubiri kwenye kundi la WhatsApp la familia. Nakusihi.

Ukipata mwalimu, na akikuuliza kikao kilikuwaje, usimjibu "kizuri" wala usimpe nadharia ulizosoma. Mwambie tumbo ulilionaje, nini kilikuja kikalishinda, ulikitajaje, na kilipotajwa kilizidi, kilipungua au kilitoweka.