Simu yangu ilivuka mpaka kabla yangu

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mfanyabiashara wa Tanga, napeleka machungwa ya Muheza katika soko la Kongowea, Mombasa, na natumia laini ya malipo ya baada. Ankara yangu inaonyesha kwamba nilitumia mtandao wa Kenya siku ambayo niliishia Horohoro, upande wetu wa mpaka, na gharama za safari ya mwezi uliopita nazo zimeingia mwezi huu. Dada yangu naye yuko Marekani na laini yake ya hapa. Intaneti anapata, lakini kupiga simu hawezi. Kampuni zinatutangazia kwamba zinaboresha mitambo. Sisi wateja tunafaidika nini?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mawimbi ya minara hayasimami kwenye kizuizi cha Horohoro. Ishara ya kampuni yako inapofifia, simu iliyoruhusiwa romingi, yaani kutumia mtandao wa kampuni nyingine ukiwa nje, hushika mnara wa Lunga Lunga, upande wa Kenya, na inaweza kukaa huko kwa muda hata mnara wa nyumbani unapopatikana tena. Kabla hujafika mpakani, ondoa uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, uchague kampuni yako kwa mkono, na uzime data ya romingi.

Kuhusu ankara, kwa miaka mingi kampuni mwenyeji, yaani yenye mtandao wa nje ulioutumia, imekuwa ikiandika kila simu na kila kipande cha data katika faili la mfumo uitwao TAP, kisha kulituma kwa kampuni yako, ambayo ndipo hukutoza. Faili likichelewa, gharama huangukia mwezi unaofuata. Chama cha kampuni za simu duniani, GSMA, kimeleta utaratibu mpya uitwao BCE, ambao unaziwezesha kampuni mbili kulipana kwa jumla ya matumizi badala ya kuhesabiana simu mojamoja. Ni hatua njema, ila mimi naona inazipunguzia kampuni kazi zaidi kuliko inavyomlinda mteja. Kinachomlinda mfanyabiashara wa mpakani ni ujumbe wenye bei, unaoingia mara tu laini inapohamia mtandao wa nje, na kikomo cha matumizi alichojiwekea mwenyewe. Viombe vyote viwili.

Suala la dada yako ni jingine kabisa. Mtandao wa 4G ulijengwa kwa ajili ya data, na simu nyingi zilipotaka kupiga zilishuka kwenye mitandao ya zamani ya 3G au 2G. Kule Marekani kampuni ya simu ya AT&T ilizima 3G Februari 2022, na Verizon ikafuata mwishoni mwa mwaka huo, kwa hiyo katika mitandao yao ngazi ya kushukia imeondolewa. Sasa sauti yenyewe lazima ipite ndani ya 4G, kwa huduma ya VoLTE, na katika romingi mara nyingi husafirishwa kama data mpaka kwenye mitambo ya kampuni ya nyumbani, ambayo ndiyo inayounganisha simu. Hilo linahitaji simu inayokubalika kule pamoja na makubaliano ya VoLTE baina ya kampuni hizo mbili. Makubaliano ya data peke yake hayatoshi. Aulize yote mawili, na wakati anasubiri jibu apige kwa programu za intaneti.

Ankara yako usiiache. Andika tarehe na saa ulipokuwa Horohoro, uipelekee kampuni malalamiko kwa maandishi, na usiporidhika uyafikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.