Jibu la swali la wiki: ni Misri, ila nina maneno kidogo

Mhariri, wiki hii mmeuliza timu gani ya Afrika, ukiacha soka, iko karibu zaidi kubeba ubingwa wa dunia. Najua wengi watakimbilia raga ya Afrika Kusini, hao washabeba mara 4, watoeni kwenye mjadala. Mimi ni mtu wa mpira wa mikono, nimeucheza UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) enzi zile goli tunachorewa ukutani kwa chokaa, kwa hiyo jibu langu ni timu ya wanaume ya Misri na wala sijafikiria mara mbili. Ila kwangu la muhimu sio nani yuko karibu, ni nani alishafika mlangoni akarudishwa, na kwa nini.

Januari 2021, Cairo, robo fainali ya kombe la dunia, Misri na Denmark. Wenyeji ni Misri lakini ukumbi mtupu, korona, hamna shabiki hata mmoja. Denmark ndio mabingwa watetezi, golini yupo Niklas Landin, mbele yupo Mikkel Hansen anayerusha mpira kama mtoto anayepopoa embe, huelewi hata mkono umetokea wapi. Misri wana Yahia Omar, wana Ali Zein, wana mkongwe Ahmed El-Ahmar. Mimi naangalia kwenye simu, maana kibanda umiza gani Bongo kitakuonyesha mpira wa mikono?

Dakika 60 zinaisha 28-28. Nyongeza ya kwanza, sekunde za mwisho kabisa, Denmark wako mbele kwa goli 1, mimi nishaanza kutafuta chaja kwa sababu niliona imeisha hiyo. Hansen akapigiwa filimbi, mpira unatakiwa uachwe palepale Misri waanze. Jamaa akautupa. Sasa kwa wasiojua, sheria ya sekunde 30 za mwisho haina utani, ukiwazuia wenzako kuanza mpira unakula nyekundu halafu wao wanapewa penalti ya mita 7. Hansen nje, Misri wakaweka, 34-34. Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza dirishani Simba wamefunga? Nikamwambia Misri. Akauliza wanacheza na nani, nikamwambia Denmark, mpira wa mikono. Akafunga dirisha.

Nyongeza ya pili ndio iliniua. Dakika 10 nzima kila timu goli 1 tu, kwenye mchezo ambao mtu akienda chooni akirudi amekuta magoli 3! Watu wamechoka mikono haipandi, makipa wamegeuka ukuta, Hansen hayupo, yaani kama kuna siku Denmark walikuwa wa kufungwa ni ile. 35-35. Zikaja penalti, Denmark 4 Misri 3, ubao unasoma 39-38. Siku 4 baadae hao hao Denmark wakawafunga Sweden 26-24 wakabeba kombe.

Kwa miaka nimekuwa nikisema ile ilikuwa bahati mbaya na wangekuwepo mashabiki Misri anapita. Ila sasa hivi nikiandika nawaza, mbona hii bahati mbaya ina ratiba? Olimpiki ya Paris 2024, robo fainali, Misri na Hispania, nyongeza, 29-28 wamefungwa. Januari 2025, robo fainali ya dunia, Ufaransa, 34-33, goli la sekunde ya mwisho la Luka Karabatic. Goli 1, goli 1, goli 1. Hapo kuna kitu zaidi ya bahati, na nadhani ni kwamba wenzao wa Ulaya wanacheza mechi za presha namna hiyo kila wiki kwenye klabu zao, wakati Misri akija kwenye kombe la Afrika kinachomsumbua zaidi ni safari, alibeba 2020, 2022, 2024 mfululizo.

Na msiniambie hawana kipaji. Kombe la dunia la 2001 kule Ufaransa walikuwa wa kwanza kutoka nje ya Ulaya kufika nusu fainali. Olimpiki ya Tokyo wamempiga Mjerumani 31-26 wakamaliza wa 4. Qatar, nao wa nje ya Ulaya, walifika fainali ya dunia 2015, sawa, lakini ile timu nusu yake ilikuwa imeokotwa Ulaya na Cuba, mimi siihesabu (najua kuna watakaonirushia mawe, haya).

Halafu kitu kingine, vijana wa Misri wa chini ya miaka 19 walishabeba ubingwa wa dunia 2019, wakawafunga Wajerumani 32-28 fainali. Na wale wa chini ya miaka 21 walibeba 1993 hapohapo Misri. Kwa hiyo ukisema Afrika haijawahi, si kweli, imewahi, wakubwa tu ndio bado.

Basi jibu langu: Misri. Lakini mkinitaka niweke hela yangu kwamba watabeba mashindano yajayo, siweki, angalau sio wakati Denmark hawa waliobeba 2019, 2021, 2023 na 2025 bado wapo. Labda mtu mwingine awatoe Denmark mapema, na robo fainali Misri apangiwe mtu asiye Mfaransa wala Mhispania, hapo nitawaza upya. Elfu kumi naweza nikaweka.