Hukumu ya kucheza Genshin Impact: masanamu ya mchezoni na fedha za kuvuta bahati

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wangu, mimi ni mwanafunzi wa chuo, Dodoma. Kwa muda sasa nacheza kwenye simu gemu la Genshin Impact. Mchezaji hutembea katika ulimwengu wa kubuni ambao kila nchi ina mungu wake, na kuna masanamu anayoyaendea na kuyatolea vitu ili mhusika wake aongezewe nguvu. Mwenzangu wa chumbani ananiambia kwamba kwa kufanya hivyo nimekwisha kutoka katika Uislamu na inanipasa nitamke shahada upya, na tangu aniambie sipati usingizi. Pia kuna sehemu ya kuvuta wahusika kwa bahati. Hapo nimetumia sehemu ya fedha za boom (mkopo wa wanafunzi wa chuo), na mdogo wangu wa miaka 13, aliyejifunza mchezo kwangu, amevuta kwa kadi ya benki ya mama bila mama kujua. Baadhi ya usiku nacheza hadi Alfajiri inanipita. Naomba unifafanulie hukumu.

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake.

Kijana wangu, nitaanza na lile lililokunyima usingizi, kwa kuwa si haki mtu aachwe na shaka juu ya imani yake huku akisubiri maelezo marefu. Kwa haya uliyoyaeleza hujatoka katika Uislamu, na hutakiwi kusilimu upya. Mwenzako naamini alikutakia kheri, lakini ametia mguu mahali pazito. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba mtu akimwita nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Kumtoa Mwislamu katika dini ni hukumu yenye masharti yake na watu wake, na haitolewi bwenini baina ya wanafunzi wawili, hata kama msemaji ana wivu wa kweli juu ya dini.

Wanazuoni wetu wana kanuni kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulielewa, kwa hiyo kabla ya kukuandikia niliwaomba vijana wa msikitini wanionyeshe mchezo wenyewe. Umetolewa na kampuni ya miHoYo ya China mwezi Septemba 2020, na ulimwengu wake unaitwa Teyvat, wenye nchi saba na miungu saba: Mondstadt ina mungu wa upepo, Liyue mungu wa miamba, na kadhalika. Masanamu uliyoyataja yamesimama njiani. Mhusika akiligusa moja, ramani ya eneo lile hufunguka. Akisimama karibu nalo majeraha yake hupona. Na akilitolea vijiwe viitwavyo Oculus, pumzi yake ya kukimbia na kupanda milima huongezeka.

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, anayelisujudia sanamu kwa mwili wake amefanya tendo la ukafiri hata akidai kwamba alikuwa anatania, kwa sababu sijda ni yake na kichwa kilichoinama ni chake. Wewe hukusujudu, hukumwomba yeyote, wala moyo wako haukuamini kwamba jiwe la kwenye kioo linanufaisha au linadhuru. Ulibonyeza kitufe, na kikaragosi katika hadithi kikafanya tendo. Hali yako iko karibu zaidi na ya mwenye kusimulia maneno ya makafiri, naye msimulizi wa ukafiri hawi kafiri kwa kusimulia. Hata hivyo sitakuambia kwamba ni jambo jepesi. Msomaji husikia tu kwamba watu fulani waliyatolea masanamu yao, na mchezaji ndiye anayeamua kutoa, kisha hulipwa papo hapo kwa uamuzi ule. Jambo ambalo Qur'ani imeliita uchafu hufanywa hapa kuwa mlango wa tuzo, likarudiwa mara kumi na mara ishirini hadi nafsi isishituke tena. Mwezi Juni 2020 mchezo wa PUBG Mobile ulipoingiza masanamu ambayo wahusika waliyainamia ili wapate nguvu, Waislamu wengi walipinga, wanazuoni wa Al-Azhar wakatoa onyo, na kampuni ikaiondoa sehemu ile. Ninaloliona mimi ni kwamba kuyatolea masanamu ya mchezoni vijiwe hivyo hakujuzu, japokuwa hakumtoi mtu katika dini maadamu haitakidi chochote. Na kwa jinsi nilivyoonyeshwa, safari inaendelea bila utoaji huo, ingawa mhusika atachoka haraka zaidi mlimani. Vumilia uchovu wake.

Wapo wanaosema kwamba hadithi yoyote ya viumbe visivyokuwapo ni uongo, na kwa hiyo haramu. Kauli hiyo ina ukali ambao Sunna haina. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.), aliporejea kutoka vitani, aliona miongoni mwa wanasesere wa Bibi Aisha (r.a.) farasi mwenye mabawa mawili ya vipande vya nguo. Akamuuliza: "Farasi ana mabawa?" Naye akajibu: "Hukusikia kwamba Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa?" Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Hakumkemea kwa kuchezea kiumbe asichowahi kukiona barabarani. Basi joka wa kubuni, nchi ya kubuni na mhusika anayerusha moto si haramu kwa kule kubuniwa tu. Wala si uchawi ule ulioharamishwa, kwani hujifunzi zinguo wala humwombi jini. Programu inafanya hesabu na kioo kinaonyesha picha. Mavazi ya baadhi ya wahusika wa kike yanahitaji uinamishe macho, na hilo unalijua bila ya mimi kulirefusha.

Nimesema haya kwa kirefu kwa sababu uliyauliza kwanza, lakini hofu yangu kubwa juu yako iko katika lile ulilolitaja kwa sentensi moja, nalo ni kuvuta wahusika kwa fedha. Waulizaji wengi wa michezo hii huja wakiogopa joka, nao hawaogopi mahali ambapo mali yao inaliwa.

Angalia jinsi linavyofanya kazi. Fedha yako halisi hununua kristali, kristali hubadilishwa kuwa Primogem, na Primogem 160 hununua nafasi moja ya kuvuta. Furushi kubwa, la karibu dola 100 za Marekani, lina kristali 6,480 na nyongeza ya 1,600. Ukiacha nyongeza za mnunuzi wa mara ya kwanza, zinatosha kuvuta mara 50 tu. Uwezekano wa kumpata mhusika wa nyota tano kwa mvuto mmoja ni asilimia 0.6 kwa maelezo ya mchezo wenyewe. Ukifika mvuto wa 90 bila kumpata ndipo unapewa wa nyota tano kwa lazima, na hata hapo aweza kutoka mwingine usiyemtaka. Mivuto yote 90 kwa fedha taslimu inakaribia dola 200. Na mhusika anayetangazwa hukaa kwa wiki tatu hivi kisha huondolewa, ili anayesita asipate muda wa kutosha wa kusita.

Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Maida, aya ya 90, kwa maana yake: enyi mlioamini, hakika ulevi, kamari, masanamu na mishale ya kupigia ramli ni uchafu katika kazi ya shetani, basi jiepusheni nao. Mwenzako ameliona sanamu, lakini kamari iliyotajwa kabla yake katika aya hiyo hiyo hakuiona.

Najua utajibiwa na wachezaji wenzako kwamba hii si kamari, kwa kuwa kila anayevuta hupata kitu, walau silaha ya nyota tatu. Hoja hiyo ina jibu la zamani. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya jiwe na biashara ya gharari, yaani ya kitu kisichojulikana. Katika tafsiri mojawapo ya biashara ya jiwe, muuzaji hutandaza nguo mbalimbali na kusema: rusha kijiwe, nguo litakayoiangukia ni yako kwa bei hii. Mnunuzi yule naye hakuondoka mikono mitupu hata siku moja. Kila mara alipata nguo. Pamoja na hayo ilikatazwa, kwa sababu amelipa bila kujua analipia nini, akitumai ya thamani na akiogopa ya kuukuu. Mvuto wa Genshin ni kijiwe hicho hicho, ila kinarushwa na kompyuta ya muuzaji.

Mafakihi wetu wa Kishafi'i, akiwemo Ibn Hajar al-Haytami aliyefariki mwaka 974 Hijria, wametenganisha baina ya mchezo ambao tegemeo lake ni fikra na hesabu, kama sataranji, na ule ambao tegemeo lake ni kubahatisha, kama dadu. Wa kwanza hawakuuharamisha, bali waliukirihi, maadamu hauna dau wala haupitishi sala. Wa pili wakauharamisha. Bao letu liko upande wa kwanza. Nami naona kwamba ndani ya simu yako mmekutana michezo miwili chini ya jina moja: kutembea, kupigana na kutafuta njia kuna hukumu ya sataranji, na kuvuta kwa fedha kuna hukumu ya kamari. Hata wasiofungwa na sheria yetu wameliona hilo. Ubelgiji, mwaka 2018, tume inayosimamia michezo ya kubahatisha ilisema kwamba masanduku ya bahati yanayolipiwa katika baadhi ya michezo ya video yanavunja sheria za kamari za nchi hiyo. Na Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani ilitangaza kwamba waendeshaji wa Genshin Impact wamekubali kulipa dola milioni 20 na kutowauzia walio chini ya miaka 16 mivuto hiyo bila idhini ya mzazi, huku tume ikilalamika kwamba ule ubadilishaji wa sarafu juu ya sarafu unamficha mnunuzi gharama halisi. Huko kuficha ndiko tunakokuita gharari.

Kwa hiyo kuvuta kwa fedha ni haramu, iwe nyingi au kidogo, na kununua kristali kwa nia ya kuvutia kunafuata hukumu hiyo. Kununua kitu kinachojulikana, kama vazi la mhusika lenye bei yake, ni biashara, nayo inabakia swali la israfu. Ama Primogem ulizozipata kwa kucheza bila kulipa, hazina mali iliyotolewa rehani, hivyo sitasema ni kamari. Lakini zinazoeza mkono tendo lile lile, na kwa mtu ambaye tayari ameshatoa boom yake ningemwambia aziache.

Fedha hizo za boom ni mkopo uliopewa kwa ajili ya chakula na malazi, na utaulipa kutoka katika mshahara wako kesho. Zilizokwenda, tubia, wala usiuze akaunti yako ili uzirudishe, kwani kampuni imelikataza hilo katika masharti uliyoyakubali, na mnunuzi atakuwa analipia matunda ya kamari. Toa sadaka kadiri ya uwezo wako, kwani Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba anayemwambia mwenzake "njoo tucheze kamari" basi na atoe sadaka, ikiwa ni hivyo kwa aliyetamka tu, aliyecheza anaihitaji zaidi.

Kuhusu Alfajiri, kila sala iliyokupita uilipe, na uanze leo. Mchezo huu umetengenezwa ukuite kila siku: nguvu iitwayo Resin huongezeka moja kila dakika nane na hujaa ikifika 200, yaani baada ya saa 26 na dakika 40, kisha haiongezeki tena hadi itumike. Mchezaji huona hasara kuiacha ijae, akaingia usiku ili asipoteze. Kwa mtu ambaye sala inampita kwa sababu yake, mchezo wote, hata ile sehemu ya halali, unakuwa haramu kwake katika wakati huo, kama walivyosema wanazuoni juu ya sataranji. Ukiweza kuufunga kabla ya saa nne usiku na ukaamka, ni sawa. Ukijaribu ukashindwa, ufute kwenye simu.

Limebaki la mdogo wako. Kalamu ya dhambi haimwandikii asiyebaleghe, lakini dhamana ya mali ya mtu haiondoki kwa utoto, na wewe ndiye uliyemfungulia mlango. Mwambieni mama ukweli nyinyi wawili, kwa kiasi kamili kilichotoka. Ombeni kurejeshewa kupitia duka la programu mlikonunulia, kwani maduka hayo yana utaratibu wa manunuzi yaliyofanywa na mtoto bila idhini, na wekeni nywila katika manunuzi yote ya simu hiyo. Kisichorejeshwa, kilipe wewe kidogo kidogo. Mama akisamehe baada ya kujua ni hisani yake, lakini msimfichie mkitegemea kwamba angesamehe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.