Nataka kazi ya udhibiti wa roketi, nianzie wapi?

SWALI: Nina shahada ya uhandisi wa umeme na natunza PLC (kompyuta zinazoendesha mitambo) katika kiwanda cha saruji hapa Tanga. PID, yaani kanuni ya kurekebisha mtambo kulingana na ukubwa wa kosa, naitumia kila siku. Nijiandae vipi kwa kazi ya mifumo ya udhibiti wa roketi, na kampuni za Marekani zitanipokea?
Msomaji, Pongwe

JIBU: Ndugu yetu, ulichonacho ni msingi wa kweli, ila tanuri la saruji hukupa dakika kadhaa za kurekebisha joto. Roketi ndefu haikupi. Kitovu cha msukumo wa hewa mara nyingi kiko juu ya kitovu cha uzito, hivyo ikiinama kidogo huzidi kuinama, na injini hugeuzwa nyuzi chache tu kuirudisha. Mafuta nayo yanaungua, uzito unashuka, na namba za PID zilizofaa mwanzoni hazifai dakika moja baadaye.

Jifunze kwanza kuchelewa kwa ishara. Roketi ikitikisika mara 5 kwa sekunde na kompyuta ikachelewa milisekunde 20, umepoteza 360 × 5 × 0.02, yaani nyuzi 36 za mtikisiko mmoja, ambao mzima ni nyuzi 360. Akiba inayotakiwa kwa kawaida, kabla mfumo haujaanza kuyumba wenyewe, ni nyuzi 30 na kitu, hivyo kuchelewa huko kunaweza kuimaliza. Wahitimu wengi huanguka hapa: wanabadilisha namba za PID usiku kucha bila kuuliza muda unapotelea wapi.

Tengeneza mtambo wa mezani. Chukua ubao wa sm 50 wenye bawaba katikati, mota ndogo ya droni yenye panga kila ncha, na uzito wa gramu 50 juu ya bawaba ili ubao upende kuanguka. Ongeza Arduino Uno (kompyuta ndogo ya ubao mmoja) na kihisi cha MPU6050 kinachopima mwinamo na mzunguko. Zungushia panga wavu wa waya, zinakata vidole. Mota zipe betri yake, lakini waya hasi uunganishwe na wa Arduino. Mota zikila umeme mmoja na Arduino, volti hushuka na Arduino hujiwasha upya.

Hesabu ifanyike kila milisekunde 5, kwa saa ya ndani. Usichapishe data kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde: mstari wa herufi 20 huchukua milisekunde 21, na programu huishia kusubiri. Kwenye Uno, namba ya aina ya int ina biti 16, yaani haizidi 32,767. Ukihesabia milisekunde humo, baada ya sekunde 33 hivi inageuka hasi. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya ya Ariane 5 ilipotea kwa kosa la ukoo huo: namba ya biti 64 ililazimishwa kuingia katika biti 16.

Kabla ya kuwasha mota, inamisha ubao kwa mkono uone kama amri inaelekea upande sahihi. Julai 2013 roketi ya Urusi ya Proton-M ilianguka Baikonur, Kazakhstan, kwa sababu baadhi ya vihisi vya mzunguko vilifungwa juu chini.

Kuhusu Marekani, sheria ya ITAR, inayodhibiti usafirishaji wa silaha nje ya nchi, huweka teknolojia ya roketi pamoja na silaha, kwa hiyo kampuni za huko kwa kawaida huajiri raia, wakazi wa kudumu na waliopewa hifadhi. Tunakushauri ulenge shahada ya uzamili, kisha satelaiti au droni. Hesabu ni zilezile. Ukiomba nafasi, ambatanisha grafu moja yenye mistari miwili: mwendo uliokokotoa kwa Octave (programu ya hesabu) na mwendo uliopimwa mezani, pamoja na maelezo ya kwa nini inatofautiana.