Maswali ya Wasomaji: Fedha za Mazishi Kulipwa Mgonjwa Akiwa Hai

Ndugu Mshauri, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Igoma hapa Mwanza. Miaka mitatu iliyopita mama yetu alikata bima ya maisha kwa ajili ya gharama za mazishi, ya shilingi 5,000,000, na amekuwa akilipa ada kila mwezi kutokana na biashara yake ya dagaa. Mwaka huu amegundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na madaktari wametuambia sisi watoto kwamba tiba iliyobaki ni ya kupunguza maumivu. Nimesoma mkataba nikakuta kifungu kinachosema kwamba mwenye bima akipata ugonjwa usiotibika anaweza kulipwa hadi nusu ya kiasi cha bima akiwa hai. Kaka zangu wanasema fedha za jeneza haziguswi, na kwamba kuzidai sasa ni kumchuria mama. Je, fao hili lina thamani yoyote, au limewekwa kupamba mkataba tu?

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Fao hilo lina thamani kubwa, nami nashauri mlitumie, mradi mjue mapema linavyofanya kazi na linachopunguza.

Fao hilo haliongezi hata shilingi moja juu ya zile 5,000,000. Ni fedha ileile, iliyotengwa kwa siku ya msiba, ambayo inasogezwa hadi kwenye miezi ya kuuguza. Mama akilipwa shilingi 2,500,000 sasa, wanufaika watapata zile 2,500,000 zilizobaki atakapofariki, na huenda zikapungua kidogo, kwa kuwa kampuni nyingi hukata gharama za uendeshaji au hutoza riba kwa kipindi kilichopo kati ya malipo ya mapema na kifo. Ulizeni makato hayo ni kiasi gani, na mjibiwe kwa maandishi, kabla hamjasaini fomu yoyote.

Kwa nini basi nasema ina thamani, ikiwa ni fedha ileile? Kwa sababu katika mji wetu familia mara nyingi huelemewa na ugonjwa zaidi kuliko mazishi. Mtu akifariki, kikundi cha kufa na kuzikana hukutana siku hiyohiyo, majirani huleta rambirambi, waumini wenzake huchanga, na hata asiyekuwa na kitu huzikwa kwa heshima. Miezi ya kuuguza haina utaratibu wa namna hiyo. Huo ndio wakati ambapo ng'ombe wanauzwa kwa bei ya kutupa, kiwanja kinawekwa rehani, na mtoto mmoja, aghalabu wa kike, anaingia katika mikopo ya kausha damu ili apate nauli ya kumpeleka mzazi hospitali ya Bugando na kumrudisha, anunue nepi za watu wazima, uji wa lishe na godoro lisilochubua mgongo, na amlipe mtu wa kukaa na mgonjwa yeye anapokuwa kazini. Mengi kati ya hayo kwa kawaida hayalipiwi na bima ya afya. Mtu anayeingia katika deni la riba kali ilhali mama yake ana shilingi milioni mbili na nusu zinazoweza kudaiwa kihalali, anajiumiza bila sababu.

Hata hivyo, kuna jambo katika barua yako ambalo naliona zito kuliko hoja ya kaka zako. Umeandika kwamba madaktari wamewaambia ninyi watoto. Hukusema kama mama ameambiwa. Najua ilivyo kawaida kwetu kumficha mgonjwa ukweli kwa kumhurumia. Lakini mwenye mkataba ni yeye. Kwa kawaida dai la fao hili husainiwa na mwenye bima mwenyewe, likiambatanishwa na taarifa ya daktari inayotaja ugonjwa na muda ambao mgonjwa anatarajiwa kuishi. Hakuna njia ya uaminifu ya kumfanya mtu mzima mwenye akili timamu asaini karatasi ya namna hiyo bila kujua inasema nini. Mkimwekea kidole gumba kwenye wino akiwa amelala, mtakuwa mmemvunjia heshima, na dai lenyewe linaweza kukataliwa kwa udanganyifu.

Kwa hiyo anzeni na mama. Mwombeni daktari wake, au wahudumu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu, ambao wamezoea mazungumzo haya, awe pamoja nanyi. Mara nyingi mgonjwa huwa amekwisha kuhisi hali yake, na linalomkosesha usingizi ni mambo mengine kabisa: deni alilonalo kwa mwenzake wa sokoni, ada ya mjukuu, safari ya kwenda kuwaona ndugu kijijini angali ana nguvu ya kukaa kwenye basi. Fedha hizo ni zake. Mikataba mingi ya aina hii haimpangii mlipwaji matumizi, hivyo akitaka kulipa deni lake kwa mkono wake mwenyewe, ni haki yake.

Kuhusu kuchuria, waambie kaka zako kwa upole kwamba taarifa ya daktari ni makadirio ya kitabibu na wala haimhukumu mtu kufa. Mgonjwa akiishi kupita muda uliokadiriwa, kwa kawaida kampuni haidai irudishiwe ilicholipa, na kiasi kilichobaki hubaki hai maadamu ada zinaendelea kulipwa. Hapo pana hatari ambayo familia nyingi huisahau: baada ya kupokea malipo ya mapema, watu hudhani mkataba umekwisha, wanaacha kulipa ada, na nusu iliyobaki inapotea. Angalieni kama mkataba unasamehe ada baada ya fao hili kulipwa. Ikiwa hausamehi, mmoja wenu achukue jukumu la kuilipa kila mwezi.

Hofu ya kaka zako ina ukweli wake pia. Bima ya mazishi ni ndogo, na ikikombwa yote, mzigo wa jeneza, usafiri wa mwili na chakula cha waombolezaji unawarudia ninyi. Ningekuwa nanyi kikaoni ningependekeza mchukue ile nusu inayoruhusiwa, muache nusu nyingine bila kuigusa, na muhakikishe kwamba michango ya mama katika kikundi chake cha kufa na kuzikana haina malimbikizo.

Tazameni pia tafsiri ya "ugonjwa usiotibika" ndani ya mkataba wenu, kwa sababu ndiyo inayoamua kila kitu. Mikataba mingi hutaka daktari athibitishe kwamba mgonjwa hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi 12, na mingine hutaja miezi 6. Nchini Marekani, ambako bima za gharama za mazishi huuzwa sana kwa wazee kwa viwango vya kama dola 5,000 hadi 25,000, sheria ya mwaka 1996 iliyaondolea kodi ya mapato malipo haya pale daktari anapothibitisha kuwa mgonjwa anatarajiwa kufariki ndani ya miezi 24, na bado kampuni nyingi za huko hulipa kwa kipimo cha miezi 12. Saratani ambayo bado inatibika, hata iwe inatisha namna gani, haiingii hapa.

Mshauri, mimi ni mfanyabiashara wa samaki Mwaloni, Kirumba. Wakala ananiambia bima yake ya mazishi ina fao la ugonjwa usiotibika bure kabisa, na kwamba nikipata kiharusi au ugonjwa wa moyo nitalipwa. Je, ni kweli?

Jibu: Wakala wako amechanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba fao la ugonjwa usiotibika mara nyingi haliongezi ada ya kila mwezi, maana kampuni inatoa mapema kile ambacho ingekitoa baadaye. Gharama yake hujitokeza siku ya kulitumia, kama nilivyomweleza dada wa Igoma.

Kiharusi au ugonjwa wa moyo ambao mtu anaweza kuishi nao miaka mingi ni suala la bima nyingine, ile ya magonjwa makubwa. Bima hiyo ilianzia Afrika Kusini mwaka 1983 kwa msukumo wa Dk. Marius Barnard, daktari wa upasuaji wa moyo, aliyeona wagonjwa wake wakipona mwilini huku wakifilisika. Hiyo hulipa mtu anapothibitika kupata ugonjwa uliotajwa katika orodha, hata kama atapona, na ina bei yake. Mwambie wakala akuoneshe orodha hiyo ndani ya mkataba. Isipokuwemo, usihesabu kwamba unayo.

Muulize vilevile kuhusu kipindi cha kusubiri. Bima zinazouzwa bila kupimwa afya huwa na kipindi ambacho kifo cha maradhi hakilipwi kiasi kamili, na katika baadhi ya mikataba kipindi hicho hufika miaka miwili. Fao la ugonjwa usiotibika nalo huweza kufungwa hadi kipindi hicho kipite. Na fomu ikikuuliza kuhusu shinikizo la damu, kisukari au matibabu uliyowahi kupata, jibu ukweli wote, hata kama wakala anakuambia uache wazi. Siku ya dai kampuni itaiangalia fomu, na yeye hatakuwepo kukutetea.

Mshauri, natokea Nansio, Ukerewe. Baba alidai fao hili akiwa na barua ya daktari, kampuni ikakataa kwa simu tu. Tufanye nini?

Jibu: Poleni. Msikubali jibu la simu. Iandikieni kampuni mkitaka sababu za kukataa kwa maandishi, zikitaja kifungu cha mkataba kilichotumika, kwa sababu mara nyingine tatizo huwa ni dogo: daktari ameandika ugonjwa bila kutaja makadirio ya muda, na barua mpya inatosha kulimaliza. Sababu zisiporidhisha, pelekeni malalamiko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake imewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Ambatanisheni nakala ya mkataba, stakabadhi za ada, barua ya daktari na jibu la kampuni. Na kwa kuwa hali ya mzee haisubiri, andikeni katika mstari wa kwanza wa barua kwamba mlalamikaji ni mgonjwa aliyethibitishwa na daktari, na muombe shauri lisikilizwe kwa haraka.